Muhogo wa chungu si muhogo mchungu: upi upike leo, upi usubiri

Ramadhani iliyopita, kiasi cha saa kumi na nusu alasiri, wifi yangu wa Mwanakwerekwe alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia upawa unagonga sufuria na watoto wanagombana. "Wifi, huu muhogo nimeshautia tui. Nimeuonja kwa ncha ya ulimi nikatema, mchungu! Si uchungu wa kuungua, uchungu kama wa kwinini. Nizidishe chumvi au nizidishe nazi?"

Nikamwambia aumwage, maana uchungu ule ni dalili ya sumu. Alininunia siku mbili, wala sikumlaumu: nazi tatu, papa mkavu, na bei za mwezi mtukufu kila mtu anazijua. Muuzaji alikuwa amemwapia kuwa muhogo ule ni sukari, tafuna hata mbichi.

Aliponisamehe akaniuliza: "Basi mwenzio nitajuaje?" Suali hilo naulizwa kila wiki hapa Wete, maana nauza unga wa muhogo na kisamvu cha kutwanga. Mmoja anataka kujua baina ya mtamu na mchungu apande upi. Mwengine ameletewa makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, kutoka shamba hajui kama ayasage au ayarudishe. Mwengine ana mjukuu anayetafuna muhogo mbichi kama muwa. Nimeona niyaweke yote pamoja, moja ubavuni mwa jengine, mtu achague akijua anachagua nini.

Sumu imekaa wapi

Muhogo hauna sianidi iliyokaa tayari ndani yake ikingoja kutuua. Una vitu viwili vilivyowekwa vyumba mbalimbali, kama njiti na ganda la kiberiti. Njiti ni linamarini, aina ya sukari iliyobeba sianidi mgongoni. Ganda ni kimeng'enya kiitwacho linamarasi, kinachokaa kwenye kuta za chembechembe za mmea. Muhogo ukiwa mzima ardhini, viwili hivi havikutani. Panya akiutafuna, au wewe ukiukata, ukiukuna au ukiuponda, kuta zinabomoka, njiti inagusa ganda, na sianidi inafumka. Mmea umejiwekea mlinzi wake.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Sianidi ikishafumka huchemka ikawa hewa kwenye joto la nyuzi 26 hivi. Mchana wa Pemba unapita hapo. Yaani ikishatoka, inaruka yenyewe na upepo. Linamarini ndiyo isiyoruka. Hiyo inastahamili moto wa jikoni vizuri tu, na moto ukija mapema unakiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Njiti zinabaki sufuriani, ganda limeungua. Ukizila, vijidudu vya tumboni mwako vinakuja kuziwasha huko ndani.

Kwa hivyo kipimo changu cha kila njia ya kupika muhogo ni kimoja: je, umevunjwa na ukaachiwa nafasi kabla ya kuona moto? Kila nitakachokilinganisha hapa chini nakirudisha kwenye suali hilo.

Na sisi wa Pemba tusiseme kwamba moto husafisha kila kitu. Machi 2024 kisiwani Panza walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa kula nyama ya kasa, na ile nyama ilipikwa. Sumu ya kasa haiondoki kwa kupika, haiondoki kwa kuroweka, haina dawa ya jikoni. Ya muhogo inayo, ila inataka subira.

Mtamu na mchungu

Mpaka unaotumika duniani ni huu: muhogo mtamu ni ule ambao kilo moja ya nyama yake mbichi haifiki miligramu 50 za sianidi. Mchungu unapita 100, na mingine inafika 400 na zaidi. Kati ya 50 na 100 ni mahali pa kugombania majina.

Tufanye hesabu ya sahani. Kiasi cha sianidi kinachoweza kuua mtu kinaanzia nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 60, basi, anaanza kuwa hatarini kwenye miligramu 30. Mtoto wa kilo 15, saba na nusu tu. Nusu kilo ya muhogo mtamu wenye 30 kwa kilo ina miligramu 15 ukiwa mbichi, na ukiuchemsha vizuri hubaki kama saba. Nusu kilo ya mchungu wenye 300 kwa kilo ina 150, na ukiuchemsha vilevile zinabaki 75. Nusu ya sumu nyingi bado ni sumu nyingi. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu si linamarini yote tunayokula inayogeuka sumu mwilini, nyengine hutoka na mkojo kama ilivyoingia. Lakini ukimtazama mtoto wa kilo 15 na sahani ile ya pili, hutaki kubahatisha.

Dalili zikija huja ndani ya saa chache: kichwa kuuma, kizunguzungu, tumbo kusokota, kutapika, pumzi kwenda mbio. Hapo si pa maziwa wala maji ya dafu, ni hospitali na kusema wazi, "amekula muhogo."

Utaujuaje? Rangi ya ganda haisemi kitu. Wako watakaokwambia mwekundu wa ndani ni mchungu na mweupe ni mtamu, au wakuoneshe rangi ya shina la jani. Mbegu moja kwa moja, kwa mtu aliyeipanda mwenyewe, alama hizo zinafaa. Sokoni hazifai. Linalofaa kidogo ni ulimi: kata kipande chembamba cha nyama kutoka mwisho wa mzizi, kitafune kwa meno ya mbele, subiri uhesabu mpaka kumi, tema, sukutua. Uchungu mara nyingi unakwenda pamoja na sianidi, lakini si kila mara, kwa hivyo ulimi ukikataa, usinunue, na ukikubali usiache kupika kama inavyopaswa. Wifi yangu alionja vizuri kabisa. Tatizo alionja baada ya nazi tatu.

Jambo jengine: mbegu ileile inabadilika. Ukame unaupandisha uchungu. Muhogo wa maweni ulioteswa na jua miezi minne unaweza kuuma, na ndugu yake aliyepandwa bondeni penye unyevu ukawa mtamu. Ndiyo maana muuzaji anaweza kuapa asiwe muongo: mwaka jana ulikuwa mtamu kweli. Simsamehe moja kwa moja lakini, kwa sababu mwezi ule ulikuwa mkavu na yeye ni mkulima, angeonja.

Sasa, mtu apande upi? Mchungu una sifa zake. Mwizi anauogopa, kima na panya wanauacha, na unakaa ardhini kama akiba. Kama shamba lako liko mbali na nyumba na huna wa kulinda, utamuelewa mtu anayeupanda. Lakini kwa familia yenye watoto wadogo, ambao hurudi skuli na njaa wakapita shambani kung'oa mmoja wakamenya kwa meno, mimi sipandi mchungu hata mstari mmoja. Mtoto hasomi kibao. Wenye kutafuta mbegu waulizie zile zilizotolewa na utafiti wa kilimo hapa Zanzibar: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Zilichaguliwa hasa kwa kustahamili michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mzizi ndani ukabaki kama kizibo. Hata hizo, onja za shamba lako wewe.

Na ile michirizi ya buluu inayotokea siku mbili au tatu baada ya kung'oa, watu wengi huiita sumu. Siyo. Ni mzizi unaanza kuharibika kwa hewa. Hauna ladha, utupe kama umezidi, lakini usiuhesabu kuwa ndio mchungu. Mchungu unaweza kuwa mweupe kama theluji ya friji.

Chungu, kaango na makaa

Haya yote matatu yanaweka moto kwanza. Basi yote matatu ni ya muhogo mtamu tu, wala sioni haja ya kubishana.

Muhogo wa kuchoma na wa kukaanga ndio unaobakisha sumu nyingi kuliko njia zote, kiasi cha asilimia 80 ya iliyokuwamo. Wa Forodhani, wa pembeni mwa barabara na pilipili ya unga, na ule uliochanwa ukakaangwa ukatiwa juu ya urojo, yote ni mitamu, na ndiyo maana tunakula hatusikii kitu. Haukusafishwa na mafuta, ulianza msafi.

Kuchemsha ni bora, lakini inategemea. Vipande vikubwa ndani ya maji kidogo hubakisha mpaka robo tatu. Vipande vidogo ndani ya maji mengi vinaweza kubakisha robo. Menya ganda lote, pamoja na lile la pili la waridi linalotoka kama soksi, kwa sababu hilo lina sumu kuliko nyama. Pasua, toa uzi wa katikati. Halafu utie ndani ya maji baridi ndipo uwashe jiko, usiutumbukize kwenye maji yanayochemka. Maji yakipanda moto polepole, kile kimeng'enya kinapata dakika kadhaa za kufanya kazi kabla hakijafa. Usifunike.

Hapa nina ugomvi na mapishi yetu wenyewe. Muhogo wa nazi, kama wengi tunavyoupika, tunautia tui jepesi tangu mwanzo, tunaufunika, tunautia tui zito, tunaula na mchuzi wake wote mpaka tunafuta sahani kwa kidole. Yaani kile kilichotoka kwenye muhogo kikaingia kwenye maji, tunakinywa. Bibi yangu alikuwa akiutokosa kwanza kwa maji matupu, akayamwaga nje kwenye mchanga, ndipo akatia tui. Tulidhani anaharibu wakati. Wala hakuwa akijua linamarini ni nini. Alikuwa akisema tu "maji ya kwanza ya muhogo si ya mtu." Nnavyopika sasa ni kama yeye, na ladha haikupungua hata kidogo, nazi inakolea zaidi kwa sababu haikuchemka saa nzima.

Makopa, kuroweka, kuvundika, kukuna

Huku ndiko mtu anakohitaji ulinganisho hasa, kwa sababu unga wote ni mweupe, na wote unasongwa bada, yaani ugali. Kipimo cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, zisizidi. Tazama nini kinabaki kwa kila njia, kwa takriban:

| Njia | Sumu inayobaki | Muhogo unaofaa |
|---|---|---|
| Makopa ya kuanika tu, vipande vizima | asilimia 25 hadi 33 | mtamu |
| Kuvundika, kisha kuanika | asilimia 12 hadi 17 | mtamu |
| Kuroweka siku 3 hadi 5, kisha kuanika | asilimia 10 au chini | mchungu pia |
| Kukuna au kuponda, kisha kuanika | asilimia 2 hadi 3 | mchungu pia |

Usidanganyike na mstari wa kwanza. Robo inayobaki inaonekana ndogo, lakini muhogo ukikauka maji yanatoka, na kilo tatu za mbichi zinakuwa kama kilo moja ya unga. Kilichobaki kinajikusanya. Muhogo mtamu wa 30 kwa kilo ukianikwa tu unatoa unga wa 27 hivi. Umeshapita 10. Mchungu wa 300 ukianikwa tu, unga wake ni mara zaidi ya ishirini ya kipimo. Kwa nini makopa yanashindwa? Kwa sababu kipande kizima hakikuvunjika. Jua linakausha haraka, chembechembe zinakauka zikiwa nzima, njiti upande mmoja, ganda upande mwengine, mpaka kinuni. Tena jua kali ndilo baya zaidi kwa kazi hii, na sisi tunalisifu.

Kuroweka kunafanya kazi nyengine: maji yanalainisha, vijidudu vinakula kuta, na siku ya tatu ukiuminya mzizi unapasuka kidoleni kama boga lililoiva. Hapo umevunjika wote. Harufu yake ni ya kuchachuka, wengine hawaipendi, na bada lake linavutika kidogo lina ukali. Mimi nalipenda na dagaa. Maji ya kuroweka yamwage mbali na kisima na mbali na ng'ombe.

Kuvundika, yaani kurundika mizizi iliyomenywa ukaifunika kwa majani na magunia mpaka iote ukungu, kisha kukwangua na kuanika, kunapunguza kweli. Sikupendi. Unafunga mlango mmoja unafungua mwengine: ukungu wa kila aina unaota mule na huwezi kuchagua uote upi, na habari za sumukuvu tunazisikia kila mwaka kwenye mahindi na njugu. Kama kuroweka kunawezekana, roweka.

Kukuna ndiyo nnayofanya sasa. Mwanzo nilikuwa nakuna kwa mkono, kwenye bati lililotobolewa misumari, na vidole vyangu vilikuwa na makovu ya kuoneshea. Sasa tunachangia mashine watu wanne. Muhogo ukishakunwa naufunika kwa kitambaa usiku kucha kwenye beseni, asubuhi naukamua, naumwaga juu ya mkeka wa plastiki. Saa ya kukamua kuna harufu inayopanda puani, kama ya lozi chungu, wengine hawaisikii kabisa, na nafanya kazi hiyo uwanjani, si ndani. Unga wake ni mkavu, mweupe, hauna ukali. Bei yangu imezidi ya makopa kwa sababu ya kazi hiyo.

Na ukiwa umeshanunua unga, hujui umetengenezwa vipi? Iko njia ya kuuokoa, iliyobuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imetumika Msumbiji na Kongo. Ni rahisi mpaka watu hawaamini. Tia unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ya kalamu ndani ya bakuli pale unga ulipofika. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya. Utaona unga unashuka, halafu unaanza kupanda tena. Ukirudi pale kwenye alama, acha. Sasa utandaze kwenye sinia au ungo, unene usizidi sentimita moja. Uache kwa muda wa saa mbili juani, au wa saa tano kivulini. Kisha usonge bada siku hiyohiyo, usiulaze. Unachokifanya ni kuwakutanisha njiti na ganda vilivyokosana wakati wa kuanika. Sumu inashuka mpaka theluthi, pengine mpaka sudusi ya ilivyokuwa. Ule unga wetu wa 27 unaingia chini ya 10. Wa muhogo mchungu wa kuanika tu hauingii, hata ukiutandaza uwanja mzima. Huo usinunue.

Kisamvu: kinu, mashine au sufuria

Jani lina sumu kuliko mzizi, mara kadhaa, na pengine mara kumi. Lakini kisamvu ndicho chakula kisichonipa hofu, kwa sababu wazee wetu walikipangia utaratibu sahihi: kinu kwanza, moto baadaye. Jani limejaa kimeng'enya, likitwangwa dakika kumi na tano mpaka liwe laini kama hina, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Ukikiacha kidogo chini ya kawa, kisha ukakichemsha bila kifuniko, hakibaki cha kuogopa.

Wanaokosea ni wenye haraka. Nina jirani anayechemsha majani mazima mpaka yalainike, ndipo anayasaga kwenye blenda, kwa kuwa blenda yake haiwezi majani mabichi. Ameua kimeng'enya kabla ya kuvunja. Nimemwambia, akanijibu mbona hajafa. Hajafa kwa kuwa anakila kidogo na samaki tele, na anamwaga maji. Si mfano.

Baina ya kinu na mashine ya sokoni, kwa upande wa sumu mashine haina kosa, inavunja hata zaidi. Kosa ni kukitoa mashineni moja kwa moja kukitia kwenye friji kikagande. Baridi inasimamisha kazi. Kiache saa mbili tatu kwanza, au ukishakiyeyusha kiache tena kabla ya kukibandika.

Kisamvu cha mpira nacho ni ndugu wa muhogo, si mti wa ukoo mwengine. Kina sumu hiyohiyo na kinataka kinu hichohicho. Ndugu hao wawili ni karibu mno hata kituo cha utafiti cha Amani, kule Tanga, kiliwazalisha pamoja tangu miaka ya 1930 ili kupata muhogo usiougua. Kwa ulaini mpira unashinda, kwa ladha nnampa muhogo.

Vyengine vinavyopita jikoni kwetu

Fiwi zile kubwa bapa zina linamarini ileile. Chagua nyeupe. Za rangi na za porini zinaweza kuwa na sumu mara kumi na zaidi. Roweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha sufuria wazi mpaka ziive hasa. Fiwi nusu mbichi si chakula.

Mtama: punje kavu hazina neno, bada la mtama kula. Wenye kuingia hatarini ni ng'ombe. Mtama mchanga usiofika magotini, au vichipukizi vinavyoota kwenye visiki mvua ikirudi baada ya ukame, vina sumu inayoweza kumuangusha ng'ombe aliyefungwa kamba pale asubuhi moja. Usimfunge hapo. Punje zilizooteshwa nazo, zisiliwe mbichi.

Lozi za halua na za pilau ni tamu, hazina shida. Lozi chungu ni mti wa namna nyengine, usizitafute. Kungu wanazozigonga watoto kwa jiwe chini ya mkungu hazimo kabisa kwenye orodha hii.

Kinachonikera ni kokwa za mishmishi, yaani aprikoti, zinazosambazwa kwenye simu kwa jina la "vitamini B17" kwamba zinatibu saratani. Si vitamini na hazitibu saratani. Ni amigdalini, njiti ya namna nyengine. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2016 kwamba mtu mzima akila zaidi ya kokwa tatu ndogo mbichi kwa mara moja amevuka mpaka. Watu wanaandikiwa wale kumi kwa siku. Muhogo wa kuchoma wanauogopa, kokwa wanazilipia.

Nani achague kwa makini zaidi

Mwili una njia ya kuifunga sianidi kidogo kidogo ukaitoa na mkojo, lakini unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye kitoweo: samaki, mayai, maharage. Ndiyo maana bada kwa changu si sawa na bada kavu kwa chumvi. Ugonjwa wa konzo, ambao Giovanni Trolli aliuandika Kongo mwaka 1938, ni wa watu walioishi kwa muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka bila kitoweo. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haiachi tena. Mwaka 1981 ukame uliwapata watu wa Nampula, Msumbiji, wakapooza zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 ulifika Tarime, huku kwetu Tanzania bara.

Sisi tuna bahari, na hiyo ni kinga kubwa. Lakini upepo wa kusi ukichafua bahari wiki mbili, dagaa wakapanda bei, na nyumba ikabaki na makopa, basi unga utandazwe kwenye sinia kila siku, na maharage yasikosekane. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa sababu kile ambacho mwili unageuzia sianidi kinaizuia tezi ya shingoni kupata madini hayo.

Wifi yangu amejifunza upesi kuliko nilivyotaka. Juzi alinipigia kutoka sokoni, anacheka hawezi kusema. Alikuwa amekata vipande vya mihogo mitano kwa kisu alichotoka nacho nyumbani, anatafuna, anahesabu mpaka kumi, anatema kwenye mfuko, anasukutua kwa chupa ya maji. Muuzaji alimtazama mpaka akachoka. "Mama," akamwambia, "unanunua muhogo au unapima damu?" Wifi akauacha wa nne, akachukua wa tano, kilo mbili.